Kutuliza picha kabla ya kubana au baada yake: njia nne kwa anayepiga video mkononi Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, haimrahisishii kazi mtu anayepiga video akiwa ameshika kamera mkononi. Mitaa mingi bado ina mawe ya lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo Januari 2002, na ukitembea juu yake kila hatua inafika kwenye kiwiko. Mawe yenyewe ni meusi, yana vitundu na chembechembe, na ukigeukia kusini unakutana na ziwa Kivu linalometameta. Chembe ndogondogo na maji yenye mawimbi ndivyo vinavyoitesa zaidi programu inayobana video ndani ya kamera, yaani inayopunguza ukubwa wa faili. Ongeza mtikiso wa mkono, utaelewa kwa nini video ya ndoa iliyopigwa mtaa wa Himbi inaonekana safi kwenye kioo kidogo cha kamera halafu inachafuka ikifunguliwa kwenye laptopu.

Swali linalokuja kila mara ni hili: ninunue kamera yenye stabilaiza (kitulizaji) ya lenzi, nitegemee ile ya elektroniki ya simu, nitafute gimbali (kishikio chenye mota), au nipige tu hivihivi nitulize kwenye montaji, wakati wa kuhariri? Linaulizwa kana kwamba kutuliza na kubana ni kazi mbili zisizojuana. Mimi naona zimefungwa kwa kamba moja. Kabla ya kuuliza ni njia gani inayotuliza zaidi, uliza mtikiso unaondolewa wapi: kabla video haijabanwa, au ikishabanwa.

Kinachofanyika ndani ya kamera

Video ya Full HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 78 kila sekunde kabla ya kubanwa, hata rangi zikiwa zimeshapunguzwa kama kamera nyingi zinavyofanya. Saa moja ingekula gigabaiti 280. Kamera inayoandika kwa megabiti 50 kwa sekunde inaweka megabaiti 6 na kidogo tu, yaani fungu moja kati ya kumi na mbili. Simu inabana zaidi ya hapo.

Kodeki (mifumo ya kubana video) mbili zinazotumika zaidi, H.264 ya mwaka 2003 na H.265 ya mwaka 2013, zinaweza hivyo kwa sababu hazirudii kilichokwisha kuandikwa. Fremu moja inahifadhiwa nzima, na zinazofuata zinaandikwa kama maelekezo: mraba huu uchukue kwenye fremu iliyopita, usogeze pikseli tatu kulia, halafu ongeza tofauti hii ndogo. Maelekezo hayo ya kusogeza ndiyo vekta za mwendo. H.264 inagawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, ambayo inaweza kukatwa midogo zaidi. H.265 inaweza kutumia mraba mkubwa hadi 64 kwa 64.

Mitikiso haina bei moja. Kamera ikiyumba kushoto na kulia, au juu na chini, picha nzima inasogea pamoja na vekta zinalieleza hilo kwa biti chache. Ikijipinda kama usukani, mambo yanakuwa magumu: kila mraba unaelekea upande wake na wenyewe unazunguka kidogo, wakati vekta za H.264 na H.265 zinajua kusogeza tu, kuzungusha hazijui. AV1 ya mwaka 2018 na H.266 ya mwaka 2020 zimeongezewa uwezo huo, lakini kamera tunazoshika mikononi nyingi bado zinaandika zile mbili za zamani.

Ghali kuliko yote ni ukungu wa mwendo. Fremu moja iko kali, inayofuata imepakwa kama rangi mbichi iliyoguswa, ya tatu iko kali tena. Hakuna kusogeza kunakoweza kuigeuza picha kali kuwa iliyopakwa, kwa hiyo kibanaji kinalazimika kuandika tofauti yote. Na kwa kuwa biti zimeshapimwa, zinanyang'anywa mahali pengine: kwenye nyuzi za kitenge, kwenye ngozi ya bibi harusi, kwenye mawe.

Kuna jambo linaloaminiwa sana ambalo si kweli, kwamba ukituliza picha faili kwenye kadi linakuwa dogo. Kamera ya video iliyopangwa megabiti 100 itaandika karibu megabiti 100 hata ukiiweka juu ya meza. Unachopata ni picha bora kwa biti zilezile. Faili linapungua pale unapobana kwa kufuata ubora badala ya kiwango cha biti, kwa mfano unapotoa nakala ya mwisho ya kumtumia mteja. Hapo ndipo mtikiso unalipiwa kwa mega.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa maswali manne yaleyale. Kwanza, inaondoa mtikiso gani. Pili, kibanaji kinapokea nini. Tatu, picha inapoteza nini. Nne, inadai nini kwa pesa, umeme na mikono. Umeme nimeuhesabu kama gharama kwa sababu njia ambayo ni ya bure kwenye karatasi inaweza kukukesha usiku ukingoja laptopu imalize kazi kabla betri haijakata.

Njia ya kwanza: stabilaiza ya lenzi au ya kihisi

*Mtikiso inaouondoa.* Jairoskopu ndogo inapima kamera inavyogeuka, na kipande cha kioo ndani ya lenzi kinasukumwa upande wa pili ili picha ibaki palepale. Canon ilitoa lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995, ile ya 75–300 mm. Mwaka 2003 Minolta, kwenye DiMAGE A1, ikaacha lenzi na kusogeza kihisi chenyewe, kile kinachogeuza mwanga kuwa picha. Olympus E-M5 ya mwaka 2012 ikafikisha mihimili mitano, yaani aina tano za mwendo. Tofauti kati ya lenzi na kihisi ina uzito hapa: kioo ndani ya lenzi hakiwezi kusahihisha kujipinda kwa usukani, kihisi kinaweza kwa sababu kinazunguka. Na kujipinda, kama nilivyosema, ndiko kibanaji kisikokuweza.

Tetemeko la kawaida la mkono, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, njia hii inalimaliza vizuri. Kutembea kunaishinda haraka. Kioo au kihisi kina nafasi ndogo ya kusogea, kikifika ukingoni kinarudi kwa mshtuko, na mshtuko huo unaonekana kuliko mtikiso wenyewe.

*Kibanaji kinapokea nini.* Chakula safi kuliko njia nyingine yoyote isiyo gimbali. Mwanga unatulizwa kabla haujawa picha, kwa hiyo hata ule ukungu ndani ya fremu unapungua. Ukisimama na kamera ya aina hii ukipiga kwaya, ukuta nyuma ya waimbaji hausogei kabisa, na kibanaji kinausahau, kikiweka biti zake kwenye nyuso na mikono.

*Hasara ya picha.* Ndogo. Hakuna kingo zinazokatwa. Kwa lenzi pana sana, kihisi kinachosogea kinaweza kufanya pembe za picha ziyumbe kama jeli huku katikati pakiwa pametulia.

*Inachodai.* Pesa, kwanza kabisa. Simu nyingi za bei ya chini hazina kitu hiki, na za bei ya kati mara nyingi zinacho kwenye kamera kuu tu, huku ile ya selfi ikiachwa. Pia ina mashine ndani, na mashine inaumia. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu stabilaiza ya kamera ya simu, na hata kwa pikipiki ndogo ikashauri kishikio cha kupunguza mtetemo. Anayefunga simu ya gharama kwenye usukani wa moto (pikipiki) ili apige safari ya kwenda Sake, ajue hilo.

*Inamfaa* anayesimama: mahojiano, kanisa, ndoa ndani ya ukumbi, mpira kwa lenzi ndefu.

Njia ya pili: stabilaiza ya elektroniki ndani ya kamera

*Mtikiso inaouondoa.* Jairoskopu ni ileile, ila hakuna kinachosogea. Chipu inachukua dirisha dogo ndani ya fremu na kulisogeza kinyume na mkono. GoPro iliitangaza sana njia hii mwaka 2018 kwa HyperSmooth ya HERO7 Black, na sasa karibu kila simu ina namna yake. Inaondoa mitikiso mikubwa, hata ya kukimbia, na inasahihisha kujipinda. Ina faida nyingine isiyosifiwa vya kutosha: kihisi husoma picha mstari kwa mstari, juu hadi chini, ndiyo maana nguzo zinapinda ukigeuza kamera ghafla. Kwa kuwa chipu inajua kamera ilikuwa wapi wakati wa kila mstari, inaweza kuzinyoosha.

*Kibanaji kinapokea nini.* Fremu zilizokwisha kutulizwa, maana dirisha linakatwa kabla ya kufika kwenye kibanaji. Mchana wa jua, shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu) ikiwa 1/1000 ya sekunde, ni karamu: kila fremu kali, vekta fupi, mawe yanabaki mawe.

Usiku hadithi inageuka. Simu ikikosa mwanga inafungua shata kwa muda mrefu, 1/30 au 1/25 ya sekunde, na mkono unatikisika ndani ya muda huo. Dirisha linatuliza mahali pa picha, ukungu halina uwezo nao. Ukipita Birere jioni kwenye vibanda vyenye taa moja moja, utaona ukuta umesimama wima huku ukifumba na kufumbua macho: kali, hafifu, kali, hafifu. Mtazamaji anadhani ni fokasi imeharibika. Kibanaji nacho kinalipa kila mara, pamoja na chenga za giza ambazo zinabadilika kila fremu na hazina vekta yoyote ya kuzieleza.

*Hasara ya picha.* Kingo. Ukikata asilimia 10 ya upana na ya urefu wa 4K, unabaki na 3456 kwa 1944, kama asilimia 81 ya pikseli, kisha zinavutwa tena zijaze 3840 kwa 2160. Katika chumba kidogo, asilimia hiyo ndiyo shangazi aliyeachwa nje ya picha. Tena huwezi kuirudisha: kilichokatwa hakikuandikwa popote. Na simu nyingi za bei ya kati zinaizima stabilaiza hii kimyakimya ukichagua 4K au fremu 60, kwa sababu chipu haina nguvu ya kufanya yote. Pima mwenyewe kabla ya siku ya kazi: piga ukitembea kwa 1080p (ile Full HD), kisha kwa 4K, ulinganishe.

*Inachodai.* Karibu bure kwa mwenye simu. Joto na betri kidogo.

*Inamfaa* anayetembea mchana na kutaka faili la kutuma leo.

Hapa panahitaji maelezo ya pembeni, maana ndipo kutuliza na kubana kunakaribiana zaidi. Kibanaji kinapotafuta vekta, tayari kinapima picha ilivyosogea. Kwa nini stabilaiza isizitumie vekta hizohizo, kazi ifanywe mara moja? Wazo ni zuri na limefanyiwa kazi na wahandisi wengi, ila vekta zina tabia mbaya: kibanaji hakitafuti mwendo wa kweli, kinatafuta mraba wa bei nafuu. Kwenye anga tupu au ukuta wa rangi moja, mraba wowote unafanana na mwingine, na vekta inaelekea popote. Umati ukipita mbele ya kamera, vekta nyingi zinafuata watu, na stabilaiza inayoziamini itasogeza mji mzima pamoja nao. Ndiyo maana zinachujwa kwanza, zile zinazopingana na wengi zinatupwa. Njia ya kinyume ina mantiki zaidi kwa kamera yenye jairoskopu: jairoskopu inamwambia kibanaji kamera imegeuka kiasi gani, naye anaanzia kutafuta hapo badala ya kupekua pande zote. Nguvu na betri vinaokolewa. Wewe mnunuzi hutaona kitufe cha jambo hili, ila ukiona simu mbili zenye kihisi kinachofanana, moja ikitoa video safi na nyingine chafu kwa ukubwa uleule wa faili, ujue tofauti inaweza kuwa kwenye chipu, wala si kwenye megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi.

Njia ya tatu: gimbali

*Mtikiso inaouondoa.* Mota tatu zinashikilia kamera, na kila moja inapinga mgeuko wa mhimili wake, kujipinda kukiwemo. Isichoondoa ni kupanda na kushuka kwa mwili wako. Juu ya mawe ya lava, bila kukunja magoti, picha itadunda hata kwa gimbali ya bei kubwa.

*Kibanaji kinapokea nini.* Kamera yenyewe imetulia, kwa hiyo kila kitu kinakuja safi, ukungu wa mkono haupo hata usiku.

*Hasara ya picha.* Hakuna. Ukiacha stabilaiza ya lenzi ikiwa imewashwa wakati huohuo, zinaweza kugombana na picha ikaelea. Jaribu zote mbili.

*Inachodai.* Kifaa kingine cha kuchaji, mikono yote miwili kwa kamera nzito, na dakika za kusawazisha kila ukibadilisha lenzi. Inavutia macho pia. Mtu mwenye simu mkononi anapita sokoni kama mpita njia. Mwenye gimbali anasimamishwa aeleze anapiga nini na kwa ruhusa ya nani.

*Inamfaa* anayepiga klipu za muziki, kuingia kwa maharusi, nyumba za kuuza: kazi iliyopangwa, yenye nafasi na ruhusa.

Njia ya nne: kutuliza baadaye kwenye laptopu

*Mtikiso inaouondoa.* Kuna familia mbili. Ya kwanza inasoma picha yenyewe, kama Warp Stabilizer iliyoingia kwenye After Effects mwaka 2011, au vid.stab ndani ya FFmpeg, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwa mizunguko miwili: wa kwanza kupima, wa pili kusahihisha. DaVinci Resolve ya bure nayo ina yake. Ya pili inasoma data ya jairoskopu iliyohifadhiwa ndani ya faili la video. Gyroflow, ambayo pia ni ya bure, inafanya hivyo kwa kamera nyingi za GoPro, Sony, DJI na Insta360. Familia ya pili haidanganywi na umati wala na maji, maana haitazami picha. Inataka tu stabilaiza ya elektroniki iwe imezimwa wakati wa kupiga, na shata iwe ya haraka.

Uwezo wake ni mkubwa kuliko zote, na unachagua mwenyewe: kiasi gani utulize, kiasi gani ukate, wapi uache mtikiso kwa makusudi.

*Kibanaji kinapokea nini.* Hapa ndipo penye kidonda. Kibanaji cha kamera kimepokea mtikiso wote, kikaulipia, na kimeshaandika. Utulivu unakuja juu ya picha iliyokwisha kuumia.

Mfano mmoja ulikuwa kwenye laptopu ya kijana wa montaji tunayefanya naye kazi. Chukudu, ile baiskeli ya mti ya kusukumwa, iliyobeba makala (makaa) inashuka barabara ya mawe, mpigaji anaifuata kwa miguu, megabiti chache, shata ya polepole. Baada ya kutuliza, gurudumu la mti lilikaa katikati ya kioo kama limepigiliwa. Kijana akasimamisha, akasogeza fremu moja moja. "Yaya, angalia mawe," akaniambia. "Yanachemka." Kweli yalikuwa yanachemka. Kila nusu sekunde, fremu nzima ilipofika, mawe yalikuwa makali, vitundu vyake vinahesabika. Fremu zilizofuata yalianza kuyeyuka kuwa miraba laini, hadi fremu nzima nyingine ilipokuja na kuyarudisha. Katika video ya mwanzo hilo halikuonekana, kwa sababu jicho lilikuwa limeshughulika na mtikiso. Na kuna ubaya wa pili: miraba ya kibanaji imepangwa kufuata kingo za fremu. Ukiisogeza fremu ili mawe yatulie, mistari ya miraba ndiyo inayoanza kutikisika juu ya mawe yaliyosimama. Mtikiso haukuondoka, ulihamia kwenye alama za kubana.

*Hasara ya picha.* Kingo zinakatwa kama kwenye njia ya pili, pikseli zinakokotolewa upya na kulainika kidogo, kisha faili linabanwa mara ya pili. Dawa ni kupiga kwa biti nyingi tangu mwanzo. Kwa megabiti 100 za 4K, kuchemka huko kunapungua sana, lakini unaandika gigabaiti 45 kwa saa, na kadi ya gigabaiti 64 inajaa kabla ya saa moja na nusu. Dawa nyingine ni kupiga 4K ili utoe 1080p: kingo zilizokatwa hazitaonekana, na miraba itasagika ikipunguzwa.

*Inachodai.* Programu zinaweza kuwa bure, muda si bure. Laptopu ya mtumba itafanya kazi hiyo polepole, feni ikilia, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

*Inamfaa* mwenye muda, mwenye diski, na mwenye kazi itakayotazamwa kwenye kioo kikubwa.

Kodeki gani na njia gani

H.265 ilitengenezwa ili itoe ubora wa H.264 kwa takriban nusu ya biti, na simu zinaonyesha hivyo: iPhone yenyewe inakuandikia kwamba dakika ya 1080p kwa fremu 30 ni kama megabaiti 60 kwa H.265, na 130 kwa H.264. Kwa 4K ya fremu 30, kwa H.265, ni 170. Kwa njia tatu za kwanza, ambako picha inafika ikiwa imetulia, H.265 ni chaguo jepesi. Kwa njia ya nne naona nusu hiyo ya biti isitumike kupunguza faili, itumike kuongeza ubora: baki na megabiti nyingi, hata kwa H.265. Kama kamera yako ina chaguo la kuandika kila fremu nzima, bila kutegemea iliyopita, kuchemka kwa mawe kunatoweka, kwa sababu hakuna fremu inayosubiri nyingine. Ila biti zinapanda mara kadhaa.

Angalia pia nani atafungua faili. Simu ya zamani ya mteja inaweza kukataa H.265, na laptopu ya zamani inaifungua kwa kukatakata. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Tangu 2022 inapokea hadi gigabaiti 2. Ukituma kama video ya kawaida, inabanwa mara nyingine, na kila mtikiso uliobaki unalipiwa tena.

Kwa hali yako

Kama unapiga ndoa na ibada ndani, mwanga hafifu, umesimama zaidi ya kutembea, pesa yako iende kwenye stabilaiza ya kihisi, au ya lenzi kama kihisi kiko mbali na mfuko. Zima ya elektroniki usiku. Kwa maharusi kuingia, kodi gimbali ya siku moja badala ya kuinunua.

Kama unatuma habari fupi kutoka mtaani, simu yenye stabilaiza ya elektroniki, 1080p, fremu 25 au 30, inatosha, na H.264 itafunguka kwa kila mtu. 4K yenye mtikiso, ikibanwa upya kwa mega chache, itafika ikiwa mbaya kuliko 1080p iliyotulia.

Kama unapiga juu ya moto, kamera ndogo ya michezo mchana, shata ya haraka, elektroniki imewashwa. Jioni ukiwa juu ya moto hakuna njia kati ya hizi itakayokupa picha safi. Shuka upige umesimama.

Kama uko kwenye boti ya kwenda Bukavu au Idjwi, amua kwanza unampiga nani. Ukipiga vilima na mstari wa maji, jairoskopu, iwe ya kamera au ya Gyroflow, itaunyoosha mstari huo vizuri. Ukimpiga abiria aliyekaa mbele yako, jairoskopu itashika dunia na kumyumbisha yeye, kwa sababu wewe, yeye na kamera mnayumba na boti moja. Zima, egemea kiti, uache boti ikuyumbishe pamoja naye.

Kama unatengeneza dokumentari, changanya: kihisi au gimbali kwa sehemu kubwa, na kwa vipande vya kukimbia piga 4K ya megabiti nyingi na shata ya haraka, utulize kwa Gyroflow, utoe 1080p. Jaribu kipande kimoja cha mawe kabla ya kukubali kazi nzima, na ukisimamishe fremu kwa fremu.

Na kama huna bajeti yoyote leo, bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, shika simu kwa mikono miwili, 1080p, usitembee wakati unapiga. Sogea, simama, piga, sogea tena. Utulivu huo unaingia kabla ya lenzi, na kibanaji hakiwezi kuutofautisha na ule wa kamera ya dola elfu mbili.